Mbwa milioni nne wa Uturuki: nani atawapokea nyumbani?

Tarehe 30 Julai 2024 Bunge la Uturuki lilipitisha sheria ambayo hadi leo haijaacha kuzua mabishano ndani na nje ya nchi hiyo. Sheria hiyo haikuhusu kodi wala mipaka wala vita. Ilihusu mbwa wasio na wenyewe. Serikali ilikadiria kuwa mijini na vijijini mlikuwa na mbwa wapatao milioni nne wanaozurura, ikaziamuru manispaa ziwakusanye, ziwachanje, ziwahasi na kuwaweka katika makazi maalumu, na huko wakae mpaka apatikane mtu wa kuwachukua akaishi nao kwake. Waliopinga waliingia barabarani wakaiita sheria ya mauaji. Waliounga mkono walisema ni sheria ya kuwalinda watoto waendao shule. Kila upande ulidai kuwa huruma iko kwake.

Pengine msomaji atajiuliza: mbwa wa Uturuki wanatuhusu nini sisi wa pwani ya Afrika Mashariki? Wanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, hilo ni taifa la Waislamu, na mabishano yale yaligusa jambo ambalo dini yetu imelisemea, nalo ni haki ya mnyama juu ya mwanadamu. Pili, jambo lenyewe liko mlangoni petu. Nani kati yetu hajapita soko la samaki, liwe la Mombasa, Tanga au Darajani kule Unguja, akakuta paka shume ishirini wakigombea utumbo wa samaki? Nani hajasikia sauti za watoto wa paka ndani ya boksi lililotupwa nyuma ya msikiti usiku? Hatuna sheria ya milioni nne, lakini swali ni lile lile: mnyama aliyekosa mwenyewe aokolewe vipi, na nyumba ya kumpokea iwe ya namna gani?

Na tuanze na hesabu, kwani hesabu haina chama. Wakati sheria ile inajadiliwa, Uturuki nzima ilikuwa na makazi ya wanyama 322, yenye nafasi ya mbwa wapatao 105,000. Gawanya nafasi hizo kwa mbwa milioni nne utaona kuwa katika kila mbwa mia moja, hawafiki watatu waliokuwa na mahali pa kulala. Manispaa zimepewa mpaka mwisho wa mwaka 2028 kujenga makazi mapya na kuyatengeneza ya zamani, na zimetakiwa zitenge sehemu ya bajeti yao ya kila mwaka, isiyopungua asilimia 0.3, kwa kazi hiyo. Meya atakayepuuza wajibu huo anaweza kufungwa jela kuanzia miezi sita hadi miaka miwili. Faini ya mtu anayemtupa mnyama wake imepandishwa kutoka lira 2,000 hadi lira 60,000, na kwa maoni yetu hilo ndilo fungu lenye busara kuliko yote, maana mbwa wa mtaani hakushuka kutoka mawinguni. Ama yeye, ama mama yake, ama bibi yake, alikuwa na mwenyewe.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu. Kaya za Uturuki ni kama milioni 26. Ili kila mbwa apate nyumba, ingebidi kila kaya ya sita au ya saba impokee mbwa mmoja, akiwemo bibi kizee aishiye peke yake ghorofa ya tano, na mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kusikia habari ya mnyama, na mama mwenye mtoto wa pumu. Halafu mbwa wenyewe hawaachi kuzaa wakati sisi tunahesabu. Yeyote aliyekaa na kalamu na karatasi kwa nusu saa angeliona kuwa nyumba hizo hazipo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika rasimu ya mwanzo, iliyovuma mwezi Mei 2024, ilipendekezwa kuwa mbwa ambaye hakupata mtu wa kumchukua ndani ya siku 30 auawe. Kelele zikawa kubwa na kifungu hicho kikaondolewa. Sheria iliyopita inaruhusu kuuawa mbwa aliye hatari kwa maisha na afya ya watu au wanyama, mwenye tabia isiyodhibitika, mwenye maradhi ya kuambukiza au yasiyo na tiba. Serikali inasema hao ni wachache. Wapinzani wanasema maneno hayo ni mapana mno, na kwamba makazi yakijaa na wapokeaji wasipoonekana, mbwa mzima ataandikwa kuwa ni mkali ili nafasi ipatikane. Siku 30 zimefutwa katika karatasi, lakini swali la nini kitatokea makazi yakijaa halikufutwa. Chama kikuu cha upinzani, CHP, kilikwenda Mahakama ya Katiba kuomba sheria ibatilishwe, na mwezi Mei 2025 mahakama hiyo ikalikataa ombi. Ikumbukwe kuwa chama hicho ndicho kilichoshinda Istanbul, Ankara na miji mingine mikubwa katika uchaguzi wa Machi 2024, kwa hiyo mameya walio katika hatari ya kufungwa kwa ajili ya mbwa ni wa kwao kwa wingi. Siasa nayo ina mkia wake katika jambo hili.

Uadilifu unatutaka tuseme pia neno kwa ajili ya wazazi. Mwishoni mwa mwaka 2023 mtoto mmoja mjini Ankara alishambuliwa na kundi la mbwa akiwa njiani kwenda shule, akajeruhiwa vibaya, na si yeye peke yake. Mzazi aliyemwona mwanawe katika hali hiyo hawezi kuambiwa avumilie kwa kuwa mbwa nao ni viumbe. Kosa halikuwa la mzazi, na kwa hakika halikuwa la mbwa. Sheria ya zamani, ile ya mwaka 2004, haikuwa mbaya. Ilisema mbwa akamatwe, ahasiwe, achanjwe, kisha arudishwe pale alipotolewa, ili kundi lipungue lenyewe mwaka hadi mwaka. Ila haikutekelezwa ipasavyo. Kwa maelezo ya serikali yenyewe, waliohasiwa katika miaka ishirini ni mbwa kama milioni mbili na nusu, yaani wastani wa 125,000 kwa mwaka kwa nchi nzima. Jike moja laweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto watano au sita kila mara. Huwezi kulikausha dimbwi kwa kijiko ilhali mfereji uko wazi.

Waturuki wenyewe wana kumbukumbu chungu ya njia ya mkato. Mwaka 1910, katika siku za mwisho za dola ya Uthmaniya, watawala wa Istanbul walitaka mji ufanane na miji ya Ulaya. Makumi ya maelfu ya mbwa walikamatwa, wakapakiwa majahazini na kutupwa katika kisiwa kikavu cha Sivriada, ndani ya bahari ya Marmara, kisicho na maji wala chakula. Wakafa kwa kiu na njaa huku wakilana, na wenyeji wakasimulia kuwa vilio vyao vilikuwa vikiletwa mjini na upepo. Watu wa kawaida, waliokuwa wamezoea kuwawekea mbwa wa mtaa wao maji na makombo, walichukizwa mno, na tetemeko la ardhi lilipopiga miaka miwili baadaye wapo waliosema kuwa hayo ni malipo. Hatuna elimu ya kusema kwa nini Mwenyezi Mungu (S.W.) ameleta tetemeko. Tunalolijua ni kuwa mbwa walirudi Istanbul, na karne moja baadaye Bunge likakaa kuwajadili tena.

Basi tuje kwenye neno lenyewe, kumpokea mnyama asiye na mwenyewe. Siku hizi wapo wanaotumia neno kuasili, kama anavyoasiliwa mtoto. Sisi tunaona kulea kwatosha, na kwafaa zaidi, kwani kuasili kuna mambo ya nasaba na mirathi ndani yake, na Muislamu anaijua mipaka yake katika hilo. Mnyama hana ukoo wa kuchanganywa. Ana tumbo, ana ubavu wa kulazwa, na ana maisha ya miaka kumi au kumi na mitano ambayo mtu anajifunga nayo siku anapomwingiza ndani.

Kazi ya kuwatafutia wanyama walezi kwa utaratibu si ya jana. Mwaka 1860 mwanamke mmoja wa London, Mary Tealby, alifungua mahali pa kuwahifadhi mbwa waliopotea na wenye njaa. Magazeti yalimcheka. Watu walisema, wako binadamu wasio na makao, yeye anahangaika na mbwa. Kituo hicho kilihamia Battersea mwaka 1871, baadaye kikapokea na paka, na kipo hadi leo. Vituo vya namna hiyo vimejifunza jambo moja kutokana na uzoefu: mnyama hatolewi kwa mtu wa kwanza kunyoosha mkono. Mtu huulizwa maswali. Nyumba ni yako au umepanga, na mwenye nyumba amekubali? Una watoto wa umri gani? Nani anabaki nyumbani mchana? Ukisafiri mwezi mzima, nani atamlisha? Umewahi kuwa na mnyama, na yuko wapi sasa? Wengine hukasirika wakiulizwa hivyo, wakaona wanadharauliwa, ilhali wamekuja kutenda wema. Lakini mnyama aliyepewa mtu asiyefaa hurudi mtaani baada ya miezi mitatu, na safari hii anarudi akiwa amesahau jinsi ya kujitafutia.

Muislamu asione kuwa maswali hayo ni mambo ya Wazungu. Tuitazame upya hadithi ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mara nyingi tunaisimulia kana kwamba mwanamke yule alimpiga paka au alimfukuza. Sivyo. Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwacha atoke akajilie wadudu wa ardhini. Yaani paka yule alikuwa na nyumba! Alikuwa na mwenyewe na paa juu ya kichwa, na hayo ndiyo yaliyomuua. Lau angeachwa mtaani angeishi. Hadithi hii, tukiizingatia vyema, haimshutumu mtu aliyekataa kumchukua paka. Inamshutumu aliyemchukua kisha hakutimiza. Kwa hiyo anayedhani kuwa kila mlango unaofunguliwa kwa mnyama ni uokozi, na airudie.

Kwa upande wa pili kuna yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza khofu yake maji na kumnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, naye akasamehewa. Masahaba walipouliza kama wana ujira hata katika wanyama, walijibiwa kuwa upo katika kila chenye uhai. Tuangalie: mtu huyu hakumpeleka mbwa nyumbani. Alimpa alichokihitaji pale pale, akaenda zake. Kati ya mwanamke yule na mtu huyu ndipo tunapopaswa kuyapima mabishano ya Uturuki na yetu pia.

Nyumba inayofaa kwa Muislamu ni ipi basi? Kwa paka jambo ni jepesi. Imepokewa kwa Abu Daud na Tirmidhi kuwa sahaba Abu Qatada aliinamisha chombo cha maji yake ya udhu ili paka anywe, na mkwewe alipostaajabu akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Abu Huraira naye alipata jina lake kwa sababu ya kitoto cha paka. Katika Ramadhani ya mwaka 2023 dunia ilimwona imamu mmoja wa Algeria akiendelea kusoma katika sala ya tarawehe huku paka amempandia begani, naye akimpapasa taratibu bila kukata kisomo. Wengi walishangaa, lakini aliyelelewa uswahilini hakuona ajabu.

Kwa mbwa mambo yana masharti, na hapa ndipo wasiotuelewa wanapodhani kuwa tunawachukia. Zimepokewa hadithi sahihi kuwa anayefuga mbwa bila haja ya uwindaji, mifugo au shamba hupungukiwa ujira wake kila siku, na kuwa Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, wanahesabu mbwa kuwa ni najisi nzito, inayooshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hanafi, ambayo ndiyo ya Waturuki wengi, wanasema najisi ni mate yake, si mwili wake. Maliki wanamwona kuwa ni tohara. Pamoja na tofauti hizo hakuna hata mmoja aliyehalalisha kumtesa wala kumwua kwa njaa. Sura ya Al-Kahf imemtaja mbwa wa watu wa pangoni, aliyenyoosha miguu yake kizingitini. Ndiyo, kizingitini. Na Imam Nawawi ameeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ni kuruhusiwa mbwa wa kulinda nyumba, kwa kupimia na yale yaliyotajwa katika hadithi.

Maana yake ni kuwa familia ya Kiislamu yenye shamba, mifugo au ua unaohitaji mlinzi inaweza kumlea mbwa aliyeokolewa, naye akapata banda lake, chakula chake, chanjo yake na kazi yake. Familia iliyoko chumba na ukumbi katika nyumba ya kupanga haiwezi. Na isimchukue kwa aibu ya kuonekana haina huruma, kwa sababu mbwa huyo ataishia kufungwa mnyororo mfupi uani, usiku na mchana, na hapo tumerudi kwa mwanamke wa paka.

Kuna jambo jingine ambalo hatujaliona likitajwa katika mabishano hayo. Mtume (S.A.W.) amekataza thamani ya mbwa, na katika riwaya ya Jabir kwa Muslim imetajwa thamani ya paka vilevile. Maulamaa wamehitilafiana: wengi wamejuzisha kumuuza paka, wengine wamekataza kwa dhahiri ya hadithi. Muislamu anayetaka kutoka katika hitilafu hiyo ana njia iliyo nyeupe, nayo ni kuchukua mnyama anayetolewa bure badala ya kununua paka wa manyoya marefu kwa fedha ya kulisha familia mwezi mzima. Akichangia gharama ya chanjo na ya daktari wa mifugo, hiyo ni gharama ya matibabu, si bei ya mnyama.

Tukirudi kwenye sera za dunia, Uturuki haiko peke yake. Mwezi Agosti 2025 Mahakama Kuu ya juu ya India iliamuru mbwa wote wa mitaa ya Delhi wakusanywe wasirudishwe. Siku kumi na moja baadaye mahakama hiyo hiyo ikairekebisha amri yake: mbwa ahasiwe, achanjwe, arudishwe mtaani kwake, isipokuwa mwenye kichaa au mkali. Bila shaka majaji nao walikutana na ile hesabu ya nafasi. Bhutan, nchi ndogo ya milimani, haikutafuta njia ya mkato. Ilifanya kazi kwa miaka kumi na minne, na mwezi Oktoba 2023 ikatangaza kuwa mbwa wake wote wa mitaani, pamoja na wengine wenye wenyewe, zaidi ya 150,000 kwa jumla, wamehasiwa na kuchanjwa.

Lakini kwa nini twende Bhutan, na Pemba iko hapa? Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na wengi katika wanaoumwa ni watoto. Mwaka 2010 ugonjwa huo ulikuwa umeenea kisiwani Pemba. Pakaanzishwa chanjo ya mbwa kila mwaka, kisiwa kizima, shehia kwa shehia, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ukawa umetoweka. Kisha chanjo ikalegea, kama ilivyo desturi yetu tukiona mambo yametulia. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingizwa tena kutoka nje ya kisiwa. Chanjo ikarudishwa, na mwezi Oktoba 2018 mlipuko ule ukakomeshwa. Watafiti waliofuatilia mnyororo wa maambukizi kutoka mbwa hadi mbwa wameyaandika hayo. Kisiwa cha Waislamu, ambako mbwa hulala nje na huguswa kwa tahadhari, kiliwakinga watoto wake bila kuwaua mbwa wote na bila kuwalazimisha watu walale nao ndani. Wataalamu wanasema yatosha kuchanja mbwa saba katika kila kumi ili ugonjwa ukose njia. Ukiwaua mbwa waliochanjwa, nafasi yao huchukuliwa na wengine wasiochanjwa, nawe umejirudisha nyuma.

Kwa hiyo hukumu yetu juu ya sheria ya Uturuki ni hii: kulea ni jambo jema, lakini limebebeshwa mzigo usio wake. Kuwapata walezi wa kweli ni kazi ya mnyama mmoja mmoja, nyumba moja moja, kwa maswali na ufuatiliaji. Hiyo ni kazi ya maelfu, nayo haiwezi kuwa ya mamilioni. Ya mamilioni ni chanjo na kuhasi, kazi isiyopigwa picha wala kupigiwa makofi, ambayo manispaa ziliizembea miaka ishirini. Serikali inayowakusanya mbwa milioni nne kwa ahadi kuwa watapata walezi imeahidi nyumba za watu wengine bila kuwauliza.

Hapo linakuja suala ambalo kwa wasomaji wetu ni zito: kuhasi kunajuzu? Hatutalificha. Imam Nawawi ametaja kuwa kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu, na paka na mbwa hawaliwi. Mahanafi wamejuzisha palipo na manufaa. Katika wanavyuoni wa zama zetu, Sheikh Ibn Uthaymin aliulizwa juu ya paka walioongezeka mno hadi wakawa kero, akaona hapana ubaya ikiwa upasuaji hauwadhuru, kwa kuwa hilo ni afadhali kuliko kuwaua baada ya kuzaliwa. Sisi si mamufti, na mwenye shaka na amwendee shehe wake. Ila tunaomba swali liulizwe kwa ukamilifu wake. Tusiulize tu kama kumfunga paka kizazi kwajuzu, bali tuulize pia hukumu ya mtu ambaye kila baada ya miezi minne huwatia watoto wa paka kwenye kiroba akawatupe sokoni. Anayeikwepa shaka ya kwanza huku akilifanya la pili, ameikwepa shaka gani?

Maana desturi hiyo ni yetu. Paka wa nyumbani huzaa, watoto hufurahiwa wiki mbili, kisha baba humwita kijana mmoja awapeleke mbali. Mbali ni sokoni, jalalani, au karibu na msikiti kwa dhana kuwa waumini watawahurumia. Paka jike hushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, hubeba kwa siku zipatazo 63, na aweza kushika tena wakati wadogo wangali wananyonya. Mtu akijua hayo huona mapema kuwa paka mmoja wa jikoni, asiposhughulikiwa, ni paka kumi baada ya mwaka.

Palipo na watu wa kusaidia, watafutwe. Nairobi iko jumuiya ya KSPCA, iliyoanzishwa mwaka 1910, ambayo huwapokea mbwa na paka waliotupwa, huwahasi na kuwatafutia walezi. Lamu, mji ambao paka wake wanasifika hadi ng'ambo, umekuwa na kliniki ya kuwahasi na kuwatibu. Pasipo na kituo, daktari wa mifugo wa wilaya yupo, na familia tano za mtaa mmoja zikichanga zinaweza kumwita siku moja kwa wanyama wao wote. Hilo halihitaji mfadhili kutoka nje.

Kwa anayekusudia kumchukua mtoto wa paka wiki hii, asimwachishe kwa mama yake kabla ya wiki nane, kwani aliyetolewa mapema huugua na kuuma. Asimpe maziwa ya ng'ombe tu akadhani amemlisha. Amtafutie samaki au nyama, na maji. Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka, kazi hiyo ifanywe na mwingine, kwa kuwa kuna vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kabla ya yote hayo, waulizwe wote wa nyumbani, hata dada wa kazi, kwa sababu yeye ndiye atakayemlisha. Na yeyote atakayeumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka asiyejulikana, akiwa mtoto au mtu mzima, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba.